Menyu za skripti zangu nimeiachia fzf

Skripti ninayoitumia kuliko zote kazini ni ya kurejesha bakapu za databesi. Menyu yake, ya kuchagua faili la kurejesha, kabla ya fzf nilianza na `select` ya bash (programu ya kuandikia amri kwenye terminali): inapanga orodha yenye namba, unaandika namba, basi. Mistari ikiwa mitano hakuna shida. Ikizidi urefu wa skrini, ndipo unapanda juu kusaka namba na kushuka tena kuiandika. Whiptail, programu nyingine ya menyu, ina madirisha ya kupendeza, lakini jibu inalitoa kwenye stderr (njia ya ujumbe wa makosa), kwa hiyo kila mahali unabandika `3>&1 1>&2 2>&3`, kitu ambacho mtu mwingine akikikuta kwenye skripti anaogopa hata kukigusa.

fzf, kazi ya Junegunn Choi, ni programu ya kuchuja orodha kwa kuandika herufi; ni ya faili moja, imeandikwa kwa lugha ya Go, na ni bure. Unaipa mistari, mtu anachagua, mstari uliochaguliwa unatoka kwenye stdout (njia ya matokeo ya kawaida). Haina haja ya kujua mistari imetoka wapi. Amri yangu mimi ni hii:

`faili=$(ls -t *.sql.gz | fzf --exact --no-sort --reverse --height 40% --preview 'zcat {} | head -n 20') || exit 1`

Kilichonivutia zaidi ni `--preview`. Ukisimama kwenye faili, pembeni unaona mistari yake ya kwanza, na kwa bakapu za mysqldump (programu ya kutoa bakapu za MySQL) jina la databesi huwa liko hapo hapo juu. Unajua unachorejesha kabla ya kubonyeza Enter.

`--exact` msiiache. Kawaida fzf inakubali herufi zilizotawanyika mradi zifuatane, hivyo ukiandika "mara" ukitaka bakapu ya mkoa wa Mara, na ya Mtwara nayo inakuja. Kwa kutafuta faili za kawaida huo ni utamu, kwa kurejesha data ya mkoa ni hatari. `--no-sort` nayo inalinda mpangilio wa `ls -t` (mpya kwanza), maana ukianza kuandika fzf hupanga upya kadiri inavyoona herufi zinalingana, na bakapu ya juzi inaweza kukaa juu ya ya leo. Ukitaka kubana zaidi, weka nafasi: "mtwara 2025-03" inaleta yenye vyote viwili.

Ile `|| exit 1` ya mwisho ni kwa ajili ya anayebonyeza Esc. fzf inarudisha namba 130, yaani mtu ameghairi, na `faili` inabaki tupu. Kama mstari unaofuata ni `rm`, amri ya kufuta, Mungu atunusuru.

Malalamiko ninayo. fzf unayoipata kwa apt (kisakinishi cha programu) kwenye Debian mara nyingi ni toleo la nyuma, ukiweka chaguo jipya inagoma. Mimi hushusha ile ya GitHub. Kwenye cron (kinachoendesha skripti zenyewe kwa ratiba) haifanyi kazi kwa sababu hakuna terminali, kwa hiyo skripti yangu inapokea kwanza jina la faili kama limetolewa, menyu inakuja tu likikosekana. Na kwa swali la ndiyo au hapana sioni sababu ya kuiita, `read -p` ya bash inatosha.