Presha kuka ya umeme lita 6: maharage nampa kumi, keki walinidanganya

Nimekaa nayo miezi tisa sasa kwa hiyo siongei ya kusikia. Presha kuka ya umeme, lita 6, wati 1000, nilichukua Kariakoo kwa laki moja na thelathini na tano baada ya muuzaji kuanzia laki na themanini, jina la kampuni naliacha maana hizi za bei hii zote zinafanana kama kurwa na doto, stika tu ndo tofauti.

Hali yangu ilivyokuwa ni hivi, natoka Kimara alfajiri bado giza niwahi mwendokasi, kurudi saa moja na nusu saa mbili usiku, watoto watatu, na Baba Nuru ambaye ukimpimia anakula watu wawili. Maharage kwa mkaa ni masaa mawili na nusu ukiwa na bahati, uchochee, uongeze maji, ukisahau yameungua. Kwenye gesi ndo kabisa, mtungi wa kilo sita unauona unavyoisha. Kwa hiyo siku za kazi tulikuwa tunaangukia chipsi za kununua, chipsi za watu watano mara tatu kwa wiki, mwenye kujua hesabu ananielewa.

Siku ya kwanza nilifanya ushamba mmoja ambao siujutii. Nilizima friji, feni, tivi, kila kitu, watoto wakanuna, nikaenda kusimama mbele ya mita ya LUKU nikasoma uniti zilizobaki: 23.8. Nikaweka maharage nusu kilo yasiyolowekwa, nikabonyeza dakika 40. Yalipoiva nikarudi kwenye mita, 23.4. Nikadhani nimesoma vibaya nikamwita mtoto mkubwa asome, akasema mama ni 23.4. Yaani pointi nne ya uniti, kwa bei ya kawaida ya majumbani ambapo uniti moja na kodi zake inafika kama 357 hivi, hiyo ni shilingi 140 na kitu. Shilingi mia na arobaini kuchemsha maharage! Hiyo hela sa hizi hata pipi mbili hupati.

Watu wanaogopa wakisikia wati 1000, wanafikiri inakula hivyo muda wote. Hapana. Inakula sana zile dakika kumi na mbili, kumi na tano za mwanzo inapojaza presha, ikishajaa inajizima inajiwasha yenyewe, utasikia tik, kimya, tik, na kwa kuwa mvuke hautoki maji hayaishii kwenye nyuzi 100 kama sufuria ya kawaida, yanapanda hadi kama 115, ndo maana kitu kigumu kinasalimu amri haraka.

Sasa mfumo wangu ni huu. Jumamosi usiku naloweka maharage kilo moja (kilo ndo mwisho, usizidishe, ntaeleza kilichonipata), Jumapili asubuhi dakika 15 zikishajaa presha yanatosha, yakipoa nagawa kwenye makopo ya Blue Band manne, matatu yanaingia frizani. Jioni ya Jumanne natoa kopo moja, kitunguu, nyanya, karoti kama ipo, naunga robo saa watu wanakula. Tui zito naweka mwisho kabisa kwenye sufuria ya kawaida, ukilitia kwenye presha linakatika linakuwa madonge madonge halafu mafuta yanaelea juu, nimejaribu mara mbili kwa ubishi.

Makande nayo hivyo hivyo. Kisamvu kinalainika mpaka unakitilia mashaka. Ila kitu ambacho peke yake kilinifanya niseme hela yangu haijapotea ni kongoro. Kongoro kwa mkaa unaanza asubuhi unakunywa supu jioni, humu saa moja tu mfupa unaachia wenyewe, unauinua na kijiko nyama inabaki chini, supu ikilala kwenye friji inaganda kama jeli. Na kongoro bei yake unaijua ukilinganisha na nyama ya steki. Hapo ndo familia ya kipato cha kawaida inapookolewa, vile vitu vya bei rahisi ambavyo tulikuwa tunavikwepa kwa sababu ya moto unavirudisha mezani.

Wali unaiva vizuri, vikombe vitatu vya mchele kwa vitatu na nusu vya maji, ila hamna ukoko. Mi sikuona tatizo, Baba Nuru ameona. Kila nikipika wali humo anageuza sahani anauliza "mama Nuru, kile cha chini kiko wapi?" Kwa hiyo wali umerudi kwenye gesi, amani ya ndoa kwanza.

Haya sasa keki. Muuzaji alinihakikishia kwa mdomo wake, "dada hii ni oveni kabisa, ona kuna kitufe kina picha ya keki". Ni kweli kitufe kipo. Nikachanganya unga vikombe viwili, mayai manne, sukari, siagi, baking powda, ganda la limao, nikamimina, nikabonyeza. Dakika 45. Kufungua, jamani, chini imeiva rangi ya kahawia safi, pembeni sawa, juu nyeupe pe, inang'aa ina unyevu kama uso wa mtu aliyetoka kuoga. Imeiva kweli, kijiti kinatoka kikavu, lakini ukiiweka mbele ya wageni wanadhani ni ugali wa sikukuu. Nikaigeuza upande wa pili dakika kumi, ikapata rangi ikakauka. Na isitoshe ilikuwa na harufu ya pilau! Pilau ya siku mbili nyuma. Kumbe ule mpira mweupe wa kwenye mfuniko unanyonya harufu hauachii, uoshe na limao, uanike juani, bado. Ukitaka kuoka humo nunua mpira wa pili uwe wa keki tu.

Mama mkwe alikuwepo siku ile, mtu wa Pangani huyo, kapika mkate wa kumimina tangu hajaolewa. Akaitazama keki, akatazama mashine, akasema "mwanangu, hiki kinachemsha, hakichomi. Mkate unataka moto juu." Na ndo ukweli wenyewe, mle ndani ni mvuke, na kwenye mvuke kitu hakipigi rangi, rangi inataka joto kavu, kali kuliko hilo. Jumapili iliyofuata akanionyesha yeye, mchele umelala kwenye maji usiku kucha, ukasagwa na tui kwenye blenda, iliki, sukari, hamira, ukaumuka, sufuria imepakwa mafuta ikapata moto kwanza, uji ukamiminwa ukalia chwaa, moto wa chini ukapunguzwa, akafunika akapalia makaa juu ya mfuniko. Nusu saa hivi. Juu rangi ya dhahabu, ndani vitundu vitundu, na mkaa uliotumika haujazi hata kopo. Kwa hiyo mi kuoka nimerudi kwenye kupalia, hiyo "oveni" naiachia supu yake.

Matatizo sasa, maana yapo. La kwanza nilitia choroko zaidi ya nusu ya sufuria, choroko zinatoa povu, povu likaziba pale pa kupumulia, nilipoigusa ile valvu ikatema kijani mpaka dari. Bado alama ipo. Kwa hiyo nafaka na jamii ya maharage usivuke nusu, vingine usivuke theluthi mbili, na iache ishushe presha yenyewe kwanza, usiwe na papara.

La pili ekstensheni. Ile ya elfu tano ya barabarani ilianza kunuka plastiki siku ya tatu, kuja kugusa plagi imelainika. Chomeka ukutani moja kwa moja, hii siyo chaja ya simu.

Umeme ukikatika katikati ukirudi haiendelei ilipoishia, inakaa inakonyeza tu taa mpaka mtu abonyeze upya, kwa hiyo ukiiacha na watoto wafundishe. Japo joto linabaki muda mrefu, mara nyingi nimekuta maharage yameshaiva hivyo hivyo.

La nne waranti ni karatasi. Mpira ulipolegea nilirudi dukani, "njoo Jumatatu", Jumatatu "njoo Ijumaa", mwisho nikaupata kwa fundi mmoja wa vyombo vya umeme kwa elfu nane. Tangu serikali izindue ule mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, wa kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, hizi mashine zimejaa madukani, ila wenye spea ndo wa kutafuta na tochi. Ulizia mpira kabla hujatoa hela.

Hesabu kwa wanaotaka hesabu: zamani mtungi wa gesi kila mwezi elfu 24 na mkaa kama elfu 20. Sasa mtungi unakaribia miezi miwili, mkaa elfu nne wa kuokea, umeme ulioongezeka kama elfu sita. Elfu 22 inabaki mkononi kila mwezi, mwezi wa saba ikawa imeshajilipa, na hapo chipsi sijazihesabu. Angalizo kwa mlio kwenye ile tarifu ya matumizi madogo, ya chini ya uniti 75 kwa mwezi, chungulieni kwanza mnatumia ngapi, maana hizi uniti 17 za jiko zinaweza kukuvusha ukajikuta umehamishiwa bei ya kawaida, halafu uje kunilaumu mimi.

Kitu kimoja naomba msaada. Binti wa kazi kwa nia njema kabisa alisugua sufuria ya ndani na stilwaya, ule weusi umebanduka upande mzima na uji sasa unashika. Mwenye kujua pa kupata sufuria ya ndani peke yake, lita 6, bila kuuziwa jiko zima, aniambie.