Nahodha Mlimani: Uzoefu Wangu na Kifurushi cha Mlima Kenya Nilichonunua Malindi

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni kwa mashua: Amu, yaani mji wa Lamu, hadi Manda, Manda hadi Matondoni, jua likizama tunarudi. Kwa hivyo watu wanaouza safari nawajua vizuri, mimi mwenyewe ni mmoja wao. Kifurushi hiki nakipa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za watu wa mlimani. Ofisi iliyoniuzia haipati hata moja.

Nilikuwa Malindi nimempeleka mamangu kwa daktari wa macho. Tukapita mbele ya ofisi yenye picha kubwa dirishani: Mlima Kenya umevaa theluji mpaka mabegani, na chini yake maandishi: siku tatu, elfu 24 kwa mwananchi, nauli ndani. Mimi nimefika miaka 41 sijaona barafu isipokuwa ya kuhifadhia samaki. Nikampigia shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, naye hajawahi kukataa safari. Nikalipa arbuni palepale, kabla hata ya kuona ratiba. Hilo kosa ni langu.

Ratiba ikaja jioni kwa simu. Ijumaa usiku basi la Malindi hadi Nairobi. Jumamosi asubuhi matatu hadi Nanyuki, adhuhuri lango la Sirimon, magharibi kambi ya Old Moses. Jumapili kambi ya Shipton's. Jumatatu saa tisa usiku kupanda kilele cha Lenana, na jioni hiyohiyo uko garini unarudi. Ukiisoma kwa siku inapendeza. Isome kwa mita za kimo kutoka usawa wa bahari. Malindi ni sifuri. Old Moses ni 3,300. Yaani usiku mmoja unalala ufukweni wa bahari, wa pili unaulala ndani ya basi, na wa tatu unalala mahali ambapo mwili wako haujawahi hata kupaota. Kesho yake 4,200. Keshokutwa 4,985.

Nilimwonyesha daktari mmoja hapa Amu ile ratiba. Alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Akanieleza kwamba huko juu oksijeni si kwamba imeondoka, ni asilimia 21 ileile tunayovuta hapa forodhani, ila hewa yenyewe ni nyepesi, na karibu na mita 5,000 kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya unachopata pwani. Mwili hujizoesha, lakini kwa siku, si kwa saa. Akasema ukishapita mita 3,000, kila usiku usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Kutoka Old Moses hadi Shipton's ni mita 900 kwa mruko mmoja. Vidonge vya acetazolamide, vya kusaidia mwili kuzoea kimo, alituandikia baada ya kutuuliza kama tuna mzio wa dawa za salfa. Vinasaidia, lakini havichukui nafasi ya siku. Na tahadhari: vidole vinachonyota, na utakwenda haja ndogo mpaka uchoke.

Nikapiga simu ofisini. Kijana akanijibu, "Mzee, wazungu wanafanya hivyo kila wiki." Sawa, lakini mzungu wake amekaa Nairobi siku nne, na Nairobi peke yake iko mita zaidi ya 1,600. Kisha akakaa Laikipia akiangalia ndovu. Akifika Sirimon ameshapanda mlima nusu bila kujua. Mimi natoka Amu, ambako kupanda kwangu kukubwa ni ngazi za nyumba ya ami yangu Mkomani.

Akajaribu kunivutia kwa bei: nikisogeza safari Mei, atapunguza elfu sita. Hapo ndipo nilipojua nazungumza na nani. Mei ni masika. Hata sisi Mei twavuta mashua juu tukazipaka sifa, yale mafuta ya papa, na wenye hoteli za Shela hufunga milango. Bei ikishuka Mei, kuna sababu. Mlima hukauka kidogo Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Nikachagua katikati ya Septemba, kusi limeanza kulegea na wageni wangu wa Agosti wameshaondoka.

Jambo la pili tuliloshindania ni viongozi. Kifurushi kilikuwa na kiongozi mmoja kwa watu wawili. Nikamuuliza: mmoja wetu akiugua, kiongozi atakwenda na nani? Akasema haitokei. Bwana, mimi mashua yangu siitoi gatini bila mtu wa pili anayejua kushika usukani, hata bahari iwe kama maji ya bakuli. Tukavutana siku mbili. Mwisho ikawa siku sita, viongozi wawili, wapagazi watatu na mpishi, kupanda kwa njia ya Sirimon na kushuka kwa njia ya Chogoria, elfu 46 kwa kichwa. Usiku wa kwanza Nanyuki, karibu mita 1,900, kisha Old Moses mara mbili, Shipton's mara moja, na wa mwisho kando ya Ziwa Ellis. Naambiwa ningetafuta viongozi moja kwa moja Nanyuki ningelipa pungufu. Naamini.

Vifaa vya kukodi vilikuwa aibu. Mfuko wangu wa kulalia zipu ilikuwa imekufa kuanzia magotini, na taa ya kichwa ya shemeji haikuwa na betri. Mfuko wa Malindi nikautandika chini kama jamvi, nikalalia wa mpagazi mmoja, ambaye alisema anao wa ziada. Sijui kama kweli alikuwa nao. Glovu na sweta nzito tulinunua mitumba Nanyuki kwa bei ndogo kuliko walivyotaka kutukodisha.

Sasa mlima wenyewe. Kutoka lango la Sirimon hadi Old Moses ni kilomita tisa za barabara ya gari, huna la kusimulia. Siku iliyofuata tulipanda mpaka kama mita 3,700, tukakaa kidogo, tukarudi kulala palepale. Shemeji alinung'unika kwamba tunalipia kurudi nyuma. Ila usiku huo nilipata usingizi, na usiku wa kwanza nilikuwa nimekesha moyo ukinidunda masikioni.

Njia ya kwenda Shipton's ndiyo iliyonilipa pesa zangu. Bonde la Mackinder limejaa miti ambayo sikuamini kuwa ni ya nchi hii. Kuna mrefu kuliko mtu, unavaa majani yake makavu shinani kama koti. Kuna lobelia ambayo usiku hufunga majani yake kulinda moyo wa ndani usigande, na asubuhi unaikuta imefumbua. Mbele yako Batian, mita 5,199, na Nelion pembeni yake, mita 5,188. Hivyo viwili ni vya wenye kamba, na aliyefika Batian kwanza kwa kumbukumbu zilizoandikwa ni Mwingereza Mackinder na wenziwe wawili, Septemba 1899. Sisi wa miguu kilele chetu ni Lenana. Majina yote matatu ni ya Wamaasai: Batian alikuwa mganga wao mkuu, Nelion nduguye, na Lenana mwanawe.

Shipton's tulifika saa kumi alasiri. Maji ya kutawadha yalikuwa makali kama wembe. Kibla huko ni kaskazini, kama kwetu, kwa hivyo ukisimama kusali unavipa vilele mgongo na bonde lote linateremka mbele yako. Nilipotoa salamu nikamwona shemeji ameketi juu ya jiwe, hakusali. Akasema kichwa kinampasuka. Akatapika chai. Kiongozi wetu, Mmeru wa Timau mwenye maneno machache, hakumuuliza mengi. Alichora mstari ardhini kwa fimbo akamwambia autembee, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma yake. Shemeji alikwenda hatua tatu, ya nne akayumba kama mtu aliyeshuka jahazini baada ya siku nyingi baharini.

"Huyu anashuka sasa," kiongozi akasema.

"Ngoja alale, asubuhi tuone," nikasema mimi, mjinga.

"Mzee, hii haingojagi asubuhi."

Kichwa kuuma tu wangemwangalia. Kuyumba ni dalili kwamba ubongo unavimba, na dawa yake ya kwanza ni kushuka. Dakika ishirini hazikupita, kiongozi wa pili na mpagazi mmoja walikuwa wameshamkamata mikono na taa zimewashwa. Walitembea mpaka usiku mkubwa. Kufika Old Moses, kwa maelezo yake mwenyewe, kichwa kilikuwa kimelegea na akaomba chakula. Kesho yake alikuwa Nanyuki anakula mbuzi. Sasa rudisha akili kwenye ratiba ile ya kwanza, ya kiongozi mmoja, utuwaze sote wawili pale Shipton's.

Mpishi alijitahidi. Kwa kimo kile maji huchemka kama nyuzi 86, kwa hivyo maharagwe ni ndoto, wali unabaki na kiini, na chai haikolei hata uisubiri vipi. Kilichoniokoa ni tende na kashata za nyumbani. Kashata mbili zilichukuliwa na pimbi, wanaingia kambini kama paka wa mtaa wa Langoni, Amu. Chupa ya maji ilaze kichwa chini, maana barafu huanzia juu, na asubuhi mdomo wa chupa utakuwa wazi. Simu lala nayo kifuani.

Saa tisa usiku tulianza. Kokoto zile, unapanda hatua mbili zinakurudisha moja. Kiongozi alikuwa akisema neno moja tu, polepole, na kila nilipojifanya shujaa akasimama kabisa. Karibu na juu kuna vyuma vilivyopigiliwa mwambani vya kukanyagia. Jua lilitoka tukiwa kileleni. Ile theluji ya picha ya dirishani haipo. Barafu ya Lewis iliyo chini ya Lenana imebaki kipande cha kijivu, na kiongozi anasema kila mwaka anaikuta imepungua. Wabadilishe picha.

Nilitazama mashariki kutafuta bahari. Najua hesabu ya upeo wa macho, najua haiwezekani, lakini nilitazama.

Kushuka Chogoria ni kuzuri kuliko kupanda, na ningekuwa na siku ya ziada ningeitumia huko. Kuna korongo refu lenye Ziwa Michaelson chini kabisa, limetulia kama kioo. Kiongozi akaniambia maji ya upande wa Sirimon tulikopanda huelekea Ewaso Nyiro, hayafiki baharini. Ya upande huu huingia Mto Nithi, na Nithi mwishowe huingia Tana. Tana ndio unaotoka Kipini na kuchafua bahari yetu rangi ya chai mvua ikinyesha bara. Nimeyalaani maji yale miaka mingi. Nilichota kidogo kwa kiganja, nikanawa uso.

Bakshishi niliwapa mkononi, mmoja mmoja, si kupitia kwa ofisi. Na namba ya kiongozi wa Timau ninayo.

Ofisi bado ina shilingi elfu tatu zangu, dhamana ya mifuko ya kulalia niliyoirudisha pamoja na ile zipu yao. Jana nimepiga simu mara ya nne. "Kesho, nahodha."