Kadi moja, nikalipishwa watu wawili: hoteli niliyolala Lubumbashi

Nilipoingia, kijana wa mapokezi alinipokea vizuri: "Karibu mama, pole na safari." Alipoishika kadi yangu ya mpiga kura tu, nikawa "papa", yaani baba, tena kwa sauti iliyofika hadi kwa watu waliokuwa wanakula bukari, ugali wetu, pale ndani.

Nilizaliwa nikaandikwa mwanaume, naishi kama mwanamke, na kadi bado inasema M, yaani "masculin", mwanaume kwa Kifaransa. Kuuliza si kosa. Kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha wengi wetu hapa Kongo (DRC), na fishi, ile fomu ya wageni, lazima ijazwe. Angeniita pembeni ningemweleza. Yeye aliisoma kwa sauti: jina, postnomu (jina linalofuata la ukoo), mahali nilipozaliwa, halafu akawa anaigonga ile M kwa ukucha huku ananitazama usoni. Tok, tok, tok. Akamwita sentineli, mlinzi wa geti, aje aone. Sentineli akaja, akatazama viatu vyangu, akarudi getini bila kusema neno. Huyo namshukuru.

Kisha ikaja hesabu. Kadi ni ya mwanaume, aliyesimama hapa ni mwanamke, basi mko wawili, lipa ya watu wawili. Nilikuwa nimetoka Kolwezi kwa basi tangu asubuhi, mvua za kwanza za msimu zimeanza, giza limeingia. Mtu kama mimi hazunguki mjini usiku na begi kutafuta pengine. Nikalipa. Inaniuma mpaka leo kwamba nililipa.

Ila nilidai risiti, na nikamtaka aandike "watu wawili" kwa mkono wake. Akaandika. Wewe unayesafiri kama mimi, usipande chumbani bila karatasi hiyo. Asubuhi nikaomba kuonana na meneja, ofisini, mlango umefungwa, si pale mbele za watu. Nikaiweka risiti mezani nikamwambia anionyeshe huyo mtu wa pili. Nikamkumbusha na kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2006, kinacholinda maisha binafsi ya kila mtu: kadi ya mgeni haitangazwi ukumbini. Akaisoma risiti mara mbili. Akanirudishia dola zangu, akaomba radhi, akaniita mama.

Nilitaka kuishia hapo, niwaambie hoteli ni nzuri. Na kuna uzuri kweli. Usiku umeme ulipokatika, mama anayefanya usafi alinigongea mlango na ndoo ya maji ya moto aliyoyachemsha kwenye makala, yaani mkaa. Mvuke ulikuwa unampanda usoni. "Oga mwanangu, ulale." Hakuniuliza kitu. Kwa ajili yake ningerudi, nilikuwa nimeshaamua nyota nne.

Nikapita mapokezi kurudisha ufunguo. Kijana ni yule yule. "Safari njema, papa." Wenzake wawili wakacheka. Meneja alikuwa nyuma yake, hatua tatu hivi, na alisikia, maana alinitazama kwanza kabla ya kuinamia simu yake. Nusu saa kabla alikuwa ameniomba radhi, mlango umefungwa. Mbele ya watu wake hakufungua mdomo.

Sirudi. Nyota nawapa moja, na hiyo ni ya yule mama wa ndoo.