Nungwi au Paje kwa likizo ya familia?
Anayewapeleka watoto Unguja aulizie kwanza maji kupwa na kujaa, kabla ya bei ya chumba. Nungwi, kaskazini, bahari haikimbii mbali, hivyo wanaojua kuogelea huingia majini karibu saa yoyote, ingawa ufukwe hujaa watu na vyumba kwa kawaida ni ghali zaidi. Paje, mashariki, maji yanapokupwa huacha mchanga wazi wa mamia ya mita, ambako wadogo huchezea vidimbwi vya maji vuguvugu na kuwatazama akina mama wakifunga mwani kwenye kamba. Wavishwe viatu, kwani miiba ya shefu, mnyama mdogo wa baharini wa mviringo, huumiza sana. Upepo wa kusi nao huko ni mkali. Wenye waogeleaji, Nungwi inawafaa. Wenye wadogo na bajeti finyu, Paje.