Nilipowekewa karatasi ya Rembrandt mezani: uzoefu wangu UCL Art Museum, London

Kazi yangu ni kuchapa. Karakana yangu iko Kariakoo, tunachapa fulana, kofia na mabango kwa skrini, na kwa miaka kumi na tisa vidole vyangu havijawahi kutakata wino. Natanguliza hilo ili ujue niliingia kwenye makumbusho haya kwa jicho gani. Historia ya sanaa sikuisoma darasani.

Nilikuwa London kumtembelea mpwa wangu anayesoma pale UCL, yaani chuo kikuu cha University College London. Siku chache kabla nilikuwa nimelipa tiketi ya maonyesho kwenye jumba moja kubwa la sanaa, nikapanga foleni, nikasimama nyuma ya migongo ya watu, na zamu yangu ilipofika nikakuta taa za darini zinamulika kwenye kioo. Mchoro wenyewe sikuupata. Nilirudi nimenuna. Mpwa wangu akaniambia, “Mjomba, chuoni kwetu kuna chumba. Twende kesho mchana.”

Na kweli ni chumba. Unaingia kwa lango la Gower Street, unakuta uwanja na jengo kuu lenye nguzo nyeupe, makumbusho yako ubavuni mwake upande wa kusini. Hakuna kiingilio. Zamani palijulikana kama Strang Print Room. Kuna meza, makabati, picha chache ukutani, na nilipoambiwa kwamba mkusanyiko una vitu zaidi ya 10,000, vya kuanzia miaka ya 1490, nilidhani sikusikia vizuri. Viko wapi? Vimelala kwenye masanduku. Mwanga hula karatasi na rangi, kwa hiyo hutolewa vichache vichache, kisha vinarudishwa gizani kupumzika. Henry Vaughan, mmoja wa wakusanyaji wa sanaa waliokiachia chuo hiki hazina yao, mnamo 1900, alilijua hilo vizuri: michoro ya rangi za maji ya Turner, mchoraji wa Kiingereza, aliyoiachia miji ya Edinburgh na Dublin huonyeshwa kwa sharti lake mwezi wa Januari tu, mwanga wa jua unapokuwa hafifu. Nilimheshimu sana mzee huyo. Sisi hapa tunabandika bango juani halafu tunashangaa wiki mbili baadaye nyekundu imekuwa waridi.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Ukiomba mapema, wanakupa nafasi ya kukaa mezani na kuletewa kazi unazotaka kuziona. Mpwa wangu aliniombea. Nilinawa mikono, nikaweka begi pembeni na kalamu ya wino nikaiacha (penseli tu ndiyo inayoruhusiwa), dada mhudumu akaja na sanduku, akafunua kifuniko, akaniwekea mbele yangu chapa, yaani picha iliyochapwa kwa bamba la shaba, ya Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi. Bila kioo. Karatasi ndogo, karibu sawa na kiganja changu.

Nilikaa nayo nusu saa. Kitu cha kwanza nilichokitafuta si sura iliyochorwa, ni ukingo wa bamba. Upo! Bamba la shaba lilipokandamizwa kwa mashine kwenye karatasi mbichi liliacha mbonyeo pande zote nne, na ukiinamisha kichwa unauona kama alama ya mkanda kwenye ngozi. Rembrandt alifariki 1669, na uzito wa mashine ile bado uko kwenye karatasi.

Dada alinieleza namna kazi ilivyofanyika, naye alieleza kwa subira, hakunichukulia kama mtu aliyepotea njia. Shaba inapakwa nta, mchoraji anachora kwa sindano juu ya nta, kisha bamba linaingizwa kwenye tindikali. Pale sindano ilipopita tindikali inakula shaba. Hiyo mifereji ndiyo inayobeba wino. Lakini mahali pengine Rembrandt alikwaruza shaba yenyewe moja kwa moja, sindano ikaacha vibanzi vidogo pembeni mwa mstari. Vibanzi hivyo hushika wino na kutoa weusi laini kama mahameli, ila mashine huvilaza upesi sana. Karatasi za mwanzo zinakuwa na weusi huo. Za baadaye zinabaki na mstari mkavu. Hapo nikaelewa kwa nini watu hugombania chapa za mwanzo. Skrini yangu nayo huziba, fulana ya 300 si ya kwanza, na mteja mwenye jicho anajua.

Nikaomba pia za Turner, zile za mfululizo wake wa Liber Studiorum: chapa 71 zilizotolewa kati ya 1807 na 1819. Huku mambo yamegeuzwa. Bamba zima linachongwachongwa kwa chombo chenye meno hadi likichapwa linatoa weusi mtupu, kisha fundi anakwangua kutafuta mwanga. Anga, ukungu, maji, vyote vimetolewa kwenye giza kidogo kidogo. Nimechapa maisha yangu yote kwa kuongeza wino juu ya weupe. Hii ilinitoa machozi, na sioni aibu kusema.

Jambo jingine Watanzania wapaswa kulijua. Uwanja huo huo una shule ya sanaa ya Slade, iliyoanzishwa 1871, ambayo kazi za wanafunzi wake walioshinda tuzo ni sehemu kubwa ya mkusanyiko huu. Sam Ntiro wetu, mchoraji wa migomba na mashamba ya Uchagani, alitoka Makerere akasoma hapo miaka ya 1950, baadaye akarudi London kama balozi wa Tanganyika. Nilisimama pale uwanjani nikawaza kijana wa Kilimanjaro akipita na karatasi zake kwapani.

Kwa anayetaka kwenda: nilipokwenda mimi palifunguliwa mchana tu, saa saba hadi saa kumi na moja, na ratiba hufuata mihula ya chuo, basi hakikisha kwanza ndipo upande treni. Kituo cha karibu ni Euston Square. Usiende tu kuangalia ukutani ukaondoka. Andika barua pepe, taja msanii au aina ya kazi unayoitaka, wakupangie siku. Nenda na penseli na lenzi ya kukuzia kama unayo.

Nyota tano. Mwezi wa sita narudi, na mpwa wangu nimeshamwagiza aombe michoro ya kale ya Wajerumani ambayo chuo kiliachiwa na mwanahistoria George Grote mwaka 1872. Safari hii naomba siku mbili.