Timofei Ivanov: ruble zake au medali zake?

Huyu fundi wa Urusi kazaliwa 1729, kapiga kazi kwenye kiwanda cha sarafu cha St Petersburg, kachonga chapa za kugongea pesa na za medali za kumbukumbu, na watu wanasema aah ni kitu kilekile. Si kilekile bwana.

Shika ruble, sarafu ya Urusi, ya malkia Catherine II, gramu 24, robo tatu yake fedha tupu. Chini ya bega la malkia weka lenzi utaona T.I., vijiherufi kama vichwa vya sindano, ndo sahihi yake hiyo. Ila hapo jamaa kabanwa, sura lazima iwe bapa, sababu sarafu zinagongwa harakaharaka, nyingi, zipangike na ziingie mfukoni, halafu zikishazunguka sokoni shavu na nywele za juu ndo zinaanza kulika.

Medali sasa, hapo kafunguliwa kamba! Ule mfululizo wa vita vya Peter Mkuu, mfalme wa Urusi, na Sweden, alisaidiana na mwenzake Samoila Yudin, kipande ni kikubwa, nakshi imevimba mpaka kidole kinaihisi, inagongwa, inapashwa moto ilainike, inagongwa tena. Kwa ufundi medali inashinda, sibishi.

Tatizo kiwanda kiliendelea kugonga medali za zamani upya miaka mingi baadaye, kwa hiyo jina lipo lakini kipande huenda hakikugongwa enzi zake. Mimi nipe ruble iliyochakaa, ile iliyopita kwenye mikono ya watu.