TAHADHARI: Ejenti anayeuza safari ya Norway kuona aurora mwezi wa saba

Jamani poleni na majukumu. Posti ni ndefu ila nivumilieni, najua kuna watu sa hivi wanachangishana hela za safari za nje na sitaki mwingine alizwe kama tulivyolizwa sisi.

Sisi ni wanawake sita, tuna kikoba chetu huku Tabata, na miaka yote tukivunja kikoba watu wanaenda Dubai au China kufunga mzigo. Safari hii tukasema hapana, tukatembee tu kama watu wengine, tusirudi na hata kiroba kimoja cha biashara. Mmoja wetu akaleta tangazo kaliona Insta: Norway siku 8, Oslo, treni ya Flåm, alafu Tromsø kuangalia aurora, zile taa za kijani zinazocheza angani. Milioni 4 na nusu kila kitu ndani, kuondoka tarehe 6 mwezi wa saba, viza uhakika asilimia mia. Hapo kwenye viza uhakika ndo nilitakiwa nishtuke, maana viza inatolewa na wenye nchi yao, ejenti hana muhuri. Ila bei ilikuwa tamu na mkaka anajua kuongea jamani, kila sentensi "dada yangu", voisi zake za asubuhi zinaanza na dua ndo anaingia kwenye hela.

Tukalipa advansi laki 8 kila mtu. Hakuwa na lipa namba ya kampuni, ni namba ya simu ya kawaida, jina likatokea la mwanamke, akasema huyo ni mhasibu wake. Wiki mbili baadae anataka laki 4 tena kila mtu, eti ada ya viza na hela ya kuwahisha miadi. Tukatoa. Sasa ndo najua kwamba ada ya viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Norway ikiwemo) kwa mtu mzima ni euro 90 toka mwezi wa sita 2024, zamani ilikuwa 80, mtoto wa miaka 6 mpaka 11 nusu yake na chini ya hapo bure. Ukinyimwa hiyo ada hairudi, kwahiyo anayekuahidi "ukikosa viza unarudishiwa kila senti" muulize atazitoa mfuko gani.

Alafu akasema tusihangaike kwenda kutoa alama za vidole za viza, ana mtu wake mle ndani, sisi tumpe pasipoti tu. Mama mmoja kati yetu (nikimtaja atanichamba) akakataa kata kata pasipoti yake kulala kwa mtu, na sisi wengine tukaona aibu kutoa zetu peke yetu tukabaki nazo. Mungu ambariki yule mama. Kumbe mtu anayeomba mara ya kwanza lazima aende na vidole vyake, hakuna wa kukuwakilishia. Statimenti za benki nazo alisema atatuchongea zenye salio nono, na hapa nawaomba sana, ukinaswa na karatasi ya kughushi unanyimwa, na maombi yako yanakaa kwenye mfumo wao wa viza miaka 5, nchi zote za Schengen zinauona, hata ukiisusa Norway ukaenda kuomba Ufaransa wanakukuta humo humo.

Kilichomuumbua ni ratiba yake mwenyewe. Katutumia PDF ya kupendeza, siku ya tano imeandikwa "saa 4 usiku, kuwinda aurora Tromsø". Mi nina binamu yangu anaishi Bergen, nikamtumia kwa kujisifu tu ajue tunakuja. Akanipigia hapo hapo, anacheka mpaka anakohoa. Ananiambia dada, Tromsø kuanzia kama tarehe 20 mwezi wa tano mpaka tarehe 22 mwezi wa saba jua halizami, saa 6 usiku liko juu linakuangalia, sasa hizo taa mtazionea wapi? Aurora inataka giza, wanaoenda kuiona wanaenda kuanzia mwezi wa tisa mwishoni mpaka wa tatu. Nikasema labda kaka wa watu kakosea tu, nikamuuliza. Akanijibu, meseji ninayo mpaka leo, "dada yangu usijali kuna siku maalum wanazima".

Wanazima nini, jua?

Ndo nikaanza kuchimba. Kwenye tiketi kulikuwa na ile namba ya bukingi ya herufi sita tu, nikaingia tovuti ya shirika la ndege nikakuta majina yetu yote sita yapo, nikajiona mbaya kwa kumshuku mtu. Keshokutwa yake naingia tena, hamna kitu. Jirani yangu anakata tiketi mjini akanielewesha kwamba ile ni nafasi imeshikiliwa, haijalipiwa, muda ukipita mfumo unaitupa. Tiketi iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13 na tatu za mwanzo ni za shirika lenyewe, Qatar ni 157, Ethiopian 071, angalieni zenu. Hoteli nikawaandikia barua pepe wakajibu siku hiyo hiyo: bukingi ilifanywa, kesho yake ikafutwa. Bima ndo kichekesho kabisa, ya dola elfu 10, wakati Schengen wanataka isipungue euro elfu 30.

Jumla kaondoka na milioni 7 na laki 2. Katublock wote sita kwa siku moja. RB (taarifa ya polisi) tumefungua na namba yake ya simu tumeituma 15040, kule wanakoripotiwa matapeli wa simu, jina lake silitaji hapa kwa sababu jalada liko polisi na isitoshe la simu silo la Insta na la Insta silo la risiti. Mtu akikuuzia safari mwombe usajili wa BRELA (wanaosajili makampuni) na leseni ya TALA (ya biashara ya utalii) kabla ya kutoa hata mia, sisi hatukuomba, tulikuwa tunachagua majaketi. Langu la mtumba nililitoa Karume, zito lina manyoya shingoni, linaning'inia nyuma ya mlango na joto hili la Dar kila nikilipita naona linanisuta.

Anayetaka kwenda Norway kweli fomu inajazwa mtandaoni kwenye mfumo wa UDI, ndo uhamiaji wao, unajaza mwenyewe umekaa kwako. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na siku 15 kabla ndo mwisho, ila usingoje huko.

Jana usiku shoga yangu kanitumia skrinshoti. Peji imebadilishwa jina, picha zile zile, mpaka ile ya mzungu na mbwa wa theluji. Sa hivi anauza Iceland, mwezi wa sita, siku 7, aurora kila usiku.